Middenbeemster: Kijiji Kilicho Chini ya Bahari

Mtu akifika katika kijiji cha Middenbeemster, katika nchi ya Uholanzi, haoni ajabu yo yote mara moja. Aona kanisa lenye mnara, njia mbili zilizonyoka zikikutana katikati ya kijiji, miti iliyopandwa kwa safu, na ng'ombe weusi wenye mabaka meupe wakila majani. Lakini na aende kwa baiskeli hata mwisho wa mashamba, naye atakuta tuta refu la udongo limesimama mbele yake kama ukuta. Na juu ya tuta hilo, juu ya kichwa chake, huenda akaona mashua ikipita. Hapo ndipo atakapotambua ya kuwa yeye yu chini, na maji yako juu. Kijiji hicho, pamoja na kanisa lake na shule na ng'ombe wote, ki mita 3 na nusu hivi chini ya usawa wa bahari.

Sasa tutaeleza jinsi watu walivyopata kukaa mahali kama hapo, na sababu inayowafanya wasizame.

Zamani sana mahali hapo hapakuwa ziwa wala shamba. Palikuwa na mto mdogo ulioitwa Bamestra, na pande zote mbili palikuwa na udongo mweusi mwepesi, uliofanywa na majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Udongo wa namna hiyo ukikatwa vipande na kukaushwa huwaka kama kuni. Waholanzi, ambao misitu yao ni haba, waliukata wapate moto wa kupikia na wa kuota wakati wa baridi. Walivyozidi kuukata, ndivyo nchi ilivyozidi kushuka. Kisha dhoruba zikaleta maji, na kati ya mwaka 1150 na mwaka 1250 mto ule mdogo ukageuka kuwa ziwa. Basi ziwa lile halikuletwa na dhoruba peke yake; mikono ya watu nayo ilisaidia. Nalo halikutulia. Kila upepo ulipovuma kwa nguvu, mawimbi yaliuma kingo na kuchukua mashamba ya watu kidogo kidogo. Waholanzi waliyaita maji ya namna hiyo mbwa mwitu wa maji.

Mwaka 1607 wafanya biashara wakubwa wa mji wa Amsterdam, wakiongozwa na Dirck van Oss, walipata ruhusa ya serikali ya kulikausha ziwa la Beemster. Tusidhani ya kuwa walifanya hivyo kwa kuwahurumia watu wa kingo. Dirck van Oss alikuwa mmoja wa wakuu wa Kampuni ya India ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602 ili kuleta pilipili manga na viungo kutoka Asia kwa merikebu, na matajiri wale walikuwa na fedha iliyotafuta mahali pa kuzaa. Mji wa Amsterdam ulikuwa ukijaa watu, na chakula kilikuwa na bei kubwa. Aliyepata shamba jipya karibu na mji alijua ya kuwa mazao yake hayatakosa mnunuzi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyazuia maji ya nje yasiingie. Walichimba mfereji mpana kulizunguka ziwa lote, na udongo uliotoka katika mfereji wakaurundika upande wa ndani, ukawa tuta lenye urefu wa karibu kilomita 40. Hapo ziwa likawa kama maji yaliyo ndani ya bakuli. Ndipo walipoanza kuyatoa maji bakulini na kuyamwaga katika mfereji, nao mfereji ukayapeleka baharini wakati wa maji kupwa.

Lakini maji ya bakuli lenye hekta 7,000 na zaidi hayatekwi kwa ndoo. Waliyainua kwa vinu vya upepo. Kinu cha namna hiyo kina mikono minne yenye matanga, nayo matanga yakizungushwa na upepo huzungusha gurudumu kubwa lenye makafi, na makafi huyasukuma maji juu. Kinu kimoja huweza kuyainua maji mita 1 tu, au mita 1 na nusu, wala hakiwezi zaidi. Kwa hiyo iliwapasa kuvijenga kwa safu kama ngazi: kinu cha chini chayainua maji na kuyatia katika mtaro, kinu cha pili chayatoa mtaroni na kuyatia katika mtaro ulio juu zaidi, na hivyo hivyo hata maji yafike mferejini. Mafundi walianza kwa vinu vichache, wakaona havitoshi, wakaongeza, wakaongeza tena, hata mwisho vikawa 43.

Mmoja wa mafundi waliosimamia vinu hivyo aliitwa Jan Adriaanszoon Leeghwater. Alizaliwa mwaka 1575 katika De Rijp, kijiji kilicho karibu na ukingo wa ziwa lile lile. Katika lugha ya Kiholanzi neno leeg ni "tupu," na water ni "maji". Sijui kama yuko fundi mwingine aliyepata jina la kufaa kazi yake kuliko huyo.

Mwaka 1610 kazi ilikuwa imeendelea sana. Ndipo dhoruba kubwa ikavunja boma la Zuiderzee, ghuba kubwa ya bahari iliyokuwa upande wa mashariki, na maji yakaijaza nchi hata yakashinda tuta jipya. Ziwa likajaa tena. Fikirini wenyewe: miaka mitatu ya kazi, na fedha nyingi, yote yako chini ya maji. Wengine wangaliacha. Wale hawakuacha, maana fedha waliyokwisha kuizamisha ilikuwa nyingi mno. Walilitengeneza tuta, wakaliinua kuliko kwanza, wakavianza vinu upya. Siku ya 19 Mei 1612 ilitangazwa ya kuwa ziwa la Beemster limekauka.

Nchi iliyokaushwa namna hii Waholanzi huiita polda. Mabwana wa kupima nchi waliipiga kamba polda ya Beemster kana kwamba ni karatasi tupu ya daftari. Njia zote zimenyoka, na mitaro yote imenyoka, zikikatana na kufanya miraba mikubwa. Shamba moja lilipimwa kuwa na upana wa mita 180 na urefu wa mita 900, yaani hekta 16 hivi. Mashamba yaligawanywa kwa kura kati ya wale waliotoa fedha. Wengi wao waliendelea kukaa Amsterdam, wakajenga nyumba za kupumzikia wakati wa joto, wakawaachia wapangaji kazi ya kulima na kukamua. Mwaka 1999 shirika la mataifa liitwalo UNESCO liliiandika Beemster katika orodha ya mahali pa kutunzwa kwa ajili ya watu wote wa dunia, maana miraba ile ya karne ya 17 yaonekana hata leo.

Penye njia panda ya katikati ndipo walipoweka kijiji, na jina Middenbeemster maana yake ni Beemster ya Katikati. Kanisa lilijengwa kati ya mwaka 1618 na mwaka 1623, na shule haikuchelewa. Kijijini alikuwako mwalimu aliyekuwa pia mtunza kanisa, naye katika nafasi yake alipenda kuchora picha za rangi. Mwaka 1622 alipata mwana, akaitwa Carel. Kijana huyo, Carel Fabritius, alikwenda Amsterdam kujifunza kwa Rembrandt, mchoraji mkuu wa Uholanzi. Kisha akahamia mji wa Delft, na huko, tarehe 12 Oktoba 1654, ghala ya baruti ililipuka ikabomoa sehemu kubwa ya mji, naye akafa akiwa na umri wa miaka 32. Picha zake zilizosalia ni chache. Moja ni ya ndege mdogo aliyefungwa kwa mnyororo mwembamba, aliyoichora mwaka ule ule wa kufa kwake. Iko katika mji wa The Hague, na watu hutoka nchi za mbali kuitazama. Hivyo mtoto wa mwalimu wa kijiji, aliyezaliwa mahali palipokuwa maji miaka kumi tu kabla yake, amejulikana kuliko wale matajiri wote waliolinunua ziwa.

Mwingine aliyelitangaza jina la kijiji hicho ni mwanamke, Betje Wolff. Alifika mwaka 1759, akiwa na miaka 21, ameolewa na mchungaji wa kanisa aliyempita kwa zaidi ya miaka 30. Katika nyumba ya mchungaji alisoma vitabu vingi, akaandika, akawacheka katika maandiko yake watu waliojiona kuwa watakatifu kuliko wenzao. Na wengi wa hao hawakumpenda. Mumewe alikufa mwaka 1777, naye akaondoka. Mwaka 1782, pamoja na rafiki yake Aagje Deken, alitoa hadithi ndefu iitwayo Sara Burgerhart, ambayo Waholanzi huihesabu kuwa ya kwanza ya namna yake katika lugha yao. Nyumba ile ya mchungaji imefanywa makumbusho.

Turudi kwa wakulima. Hapo kwanza walilima nafaka na mbegu za mafuta, lakini udongo ule wa mfinyanzi ulikuwa na maji mengi, na wengi waliona ya kuwa wafaa majani kuliko nafaka. Basi wakageukia ng'ombe wa maziwa. Nyumba yao ya kale yastahili kuelezwa. Kwa mbali huonekana kama kilima chenye pembe nne, maana paa lake kubwa huanza karibu na ardhi na kupanda hata ncha. Ndani yake mna nguzo nne nene zinazochukua uzito wote wa paa. Katikati ya nguzo hizo hurundikwa majani makavu, hata karibu na kilele. Na kuzunguka rundo hilo, chini ya paa lile lile, upande mmoja wakaa watu, upande mwingine wakaa ng'ombe. Katika miezi ya baridi majani hayaoti, na mitaro huweza kuganda ikawa barafu, hata watoto wakateleza juu yake kwa viatu vyenye vyuma. Ng'ombe hawatoki siku hizo. Mkulima huwapa majani ya ghalani pasipo kutoka nje ya nyumba yake, na joto la wanyama huwasaidia watu pia.

Maziwa ya ng'ombe hao hufanywa jibini. Maziwa hutiwa joto kidogo, kisha hutiwa dawa itokayo katika tumbo la ndama, nayo huyagandisha. Maziwa yaliyoganda hukatwa vipande vidogo, maji yake hutolewa, na kilichobaki hukandamizwa katika chombo cha mviringo. Kisha jibini huwekwa katika maji ya chumvi, na mwisho hupangwa juu ya rafu, ikageuzwa mara kwa mara kwa majuma au miezi mingi. Zamani kazi hii ilifanywa katika kila nyumba, na mara nyingi ilikuwa kazi ya wanawake. Mwaka 1901 wafugaji walianzisha chama chao cha ushirika, wakakusanya maziwa yao pamoja, na jibini ya Beemster huuzwa mpaka nchi za nje.

Wafugaji hao walipata taabu ambayo watu wetu waijua vema. Katika karne ya 18 sotoka iliingia Uholanzi mara tatu na kuua ng'ombe wengi mno, na wafugaji walioamka na zizi lililojaa wakabaki na zizi tupu. Ni ugonjwa ule ule uliofika Afrika Mashariki kama mwaka 1890, ukamaliza karibu ng'ombe wote wa Wamasai, njaa ikafuata. Vizazi vingi vilipita kabla sotoka haijashindwa. Mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa imekwisha duniani pote.

Lakini adui asiyetangazwa kuwa amekwisha ni maji. Mvua hunyesha, na maji ya chini ya ardhi hupenya polepole. Kama hakuna anayeyatoa, bakuli hujaa tena. Kwa hiyo tangu kale Waholanzi walikuwa na sheria kali juu ya maboma. Mahali pengi kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha boma akitunze. Asiyeweza kukitunza tena alichomeka sepetu yake katika boma, akaondoka. Na mtu aliyeing'oa sepetu ile alilitwaa shamba pamoja na kazi ya boma. Sheria hiyo yaonekana kuwa ngumu, hasa kwa maskini na mjane. Walakini penye boma lenye shimo moja, maji hayaulizi shimo ni la nani. Mkatoliki wa Westbeemster na Mprotestanti wa Middenbeemster wangaliamka na maji yale yale kitandani.

Kazi hiyo yatawaliwa na baraza la maji. Katika Uholanzi baadhi ya mabaraza hayo yalianza katika karne ya 13, yaani ni ya kale kuliko ufalme wenyewe. Mkuu wa baraza huitwa kwa jina la zamani ambalo maana yake ni karibu na "liwali wa boma." Baraza lina kodi yake lenyewe, na wajumbe wake huchaguliwa na wananchi. Mwaka 1950 mabaraza yalikuwa zaidi ya 2,000, mengi madogo sana. Yameunganishwa hata yamebaki 21. Wakaguzi wake hutazama mitaro, na mkulima ambaye mtaro wake umejaa majani huamriwa kuusafisha, asipotii hutozwa faini.

Yako mambo madogo ambayo mgeni hayafikirii. Kondoo hulishwa juu ya matuta, kwa sababu hufupisha majani, na kwato zao ndogo huugandamiza udongo pasipo kuuchimbua. Kinyume chake yuko panya mkubwa wa maji, aliyeletwa Ulaya kutoka Amerika ya Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya ngozi yake. Baadhi walitoroka, wakazaana. Panya huyo huchimba tundu lake katika ukingo, mlango wake ukiwa chini ya maji, na mtu hawezi kuliona mpaka ukingo umebomoka. Mabaraza ya maji huajiri watu ambao kazi yao kila siku ni kumtega.

Na boma likivunjika? Si mbali na Beemster, kaskazini, iko polda iitwayo Wieringermeer, iliyokaushwa mwaka 1930. Tarehe 17 Aprili 1945, majuma machache kabla ya mwisho wa vita, askari wa Kijerumani walilipua boma lake. Wakulima walikimbia na wanyama wao, na maji yakafunika mashamba na kubomoa nyumba. Waholanzi waliyatoa tena yote, na kabla ya mwisho wa mwaka ule ule nchi ilikuwa kavu. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1953 lilitokea jambo baya zaidi, upande wa kusini magharibi. Dhoruba iliinua bahari, na maboma yaliyokuwa dhaifu, yaliyokosa matengenezo ya kutosha, yakapasuka mahali pengi. Watu 1,836 walikufa, wengi wao katika vijiji vya wakulima vilivyofanana sana na Middenbeemster.

Vinu vya upepo vya Beemster havipo tena. Kabla karne ya 19 haijaisha mashine za mvuke zilishika kazi yao, na baadaye zikaja mashine za namna mpya. Leeghwater mwenyewe alitamani kukausha ziwa kubwa zaidi, la Haarlemmermeer, na mwaka 1641 alitoa kitabu akieleza ya kuwa vinu 160 vyaweza kulikausha. Alikufa mwaka 1650 bila kuliona jambo hilo. Miaka 200 baadaye, kati ya mwaka 1849 na mwaka 1852, mashine tatu za mvuke zililikausha, na moja ilipewa jina lake. Abiria watokao Afrika Mashariki kwenda Amsterdam kwa ndege hutua katika kiwanja cha Schiphol, nacho kimejengwa juu ya kilichokuwa sakafu ya ziwa lile. Nadhani wengi hushuka pasipo kujua.

Siku hizi Middenbeemster wakulima wamepungua, na jirani zao wengi hufanya kazi mijini. Kuanzia 1 Januari 2022 Beemster haina tena halmashauri yake yenyewe. Imeunganishwa na mji wa Purmerend. Mashine hukamua ng'ombe katika nyumba nyingi. Samadi yao nayo imeleta ugomvi katika nchi yote, kwa kuwa hewa itokayo humo hudhuru mimea ya porini, na serikali yataka ipunguzwe.  Tarehe 1 Oktoba 2019 wakulima walikwenda The Hague kwa matrekta yao kupinga, hata njia kuu zikajaa.

Ugomvi mwingine ni wa kale zaidi, nao ni juu ya maji yenyewe: yawekwe kimo gani mitaroni? Mkulima apenda yawe chini, ili matrekta na ng'ombe wasizame matopeni. Beemster, kwa kuwa udongo wake ni wa mfinyanzi, yavumilia jambo hilo. Lakini nje ya tuta, katika nchi za jirani, umebaki ule udongo mweusi wa zamani, nao ukikauka huoza na kushuka, hata nyumba hupasuka kuta, na maboma yapaswa kuongezwa tena. Wenye nyumba, na wale wanaotunza ndege wa majani, wataka maji yapandishwe. Kila baada ya miaka minne watu hupiga kura kuchagua wajumbe wa baraza la maji, na sentimita chache za maji mtaroni ni mojawapo ya mambo wanayoyapigia kura.